Miaka 19 nikitunza kazale la mzee, halafu likauzwa

Nianze na ukuta, manake kila kitu hapa kitarudi kwenye huo ukuta. Ni ukuta wa kazale, nyumba ya mawe ya shamba ya mwajiri wangu huku Italia, upande wa kaskazini, chumba cha chini, kile ambacho tangazo la ajenti lilikiita sebule kubwa yenye matao ya matofali. Mimi huo ukuta nimeupaka rangi sijui mara 17 sijui 18. Kila mwezi wa nne, kabla mzee hajafika na wageni wake, nakwangua ule unga mweupe unaotoka kama chumvi iliyokaukia kwenye ubao wa mashua, nafagia, napiga rangi mara mbili, chumba kinang'aa watu wanasifu. Ikifika mwezi wa kumi na moja unaanza tena, kwanza kwenye kona chini, halafu unapanda usawa wa goti, mwaka wa mvua nyingi unafika kiunoni. Mke wangu aliuita ukuta wenye ndevu, kila ukinyoa zaota.

Mimi ni mtu wa Lamu, mtaa wa Langoni. Baba yangu ni fundi wa chokaa, sio simenti, chokaa ya kuchoma mawe ya matumbawe kwa magogo mpaka yawe meupe pepe halafu unaimwagia maji inachemka yenyewe bila moto. Ile kazi niliikimbia. Vumbi lake linakula macho na vidole, na nilipokua kijana niliona upuuzi kuhangaika na chokaa na simenti iko dukani. Nikaenda Watamu kutafuta kazi, na Watamu na Malindi kama mjuavyo ukikaa miaka miwili Kiitaliano kinaingia chenyewe, hata muuza madafu anakurudishia chenji kwa Kiitaliano. Nikaajiriwa na mzee mmoja wa Milan alokua na nyumba ya likizo pale. Mwaka 2004 akaniuliza kama mimi na mke wangu tunaweza kwenda kutunza nyumba yake nyingine, ya shamba, huko kwao. Makaratasi yalichukua muda lakini tukafika, mwezi wa kumi, na koti moja moja la kununua soko la Kongowea, Mombasa.

Hizi nyumba za mawe za shamba huku wanaziita kazale. Yetu iko kwenye vilima vya mkoa wa Macerata, jimbo la Marche, ukitoka mlangoni ukitazama magharibi unaona milima ya Sibillini, ambayo mpaka mwezi wa tano bado ina theluji kichwani. Mzee aliinunua 1998 ikiwa gofu, paa limeanguka nusu, mtini umeota jikoni. Akaikarabati miaka mitano. Kwa hio mimi sikuiona ikiwa gofu, niliikuta imeshapendeza, sakafu ya vigae vya udongo mwekundu, maboriti ya mti wa chestnut, ngazi ya nje ya mawe. Nilipoona yale maboriti nilicheka peke yangu. Kwetu upana wa chumba unapangwa na urefu wa boriti la mkoko, huwezi kujenga chumba kipana kuliko mti ulionao, na huku ni vile vile, ukipima vyumba unajua kabisa mti ulikua na urefu gani. Nikasema kumbe hawa na sisi tulisoma chuo kimoja.

Jirani yetu, mkulima, mzee wa makamo ya miaka zaidi ya 70 sasa, ndio alinifundisha nyumba ile ilikua nini. Yeye alizaliwa mle ndani, juu, chumba ambacho mzee wangu alikifanya cha kulala wageni. Baba yake hakua mwenye nyumba. Zamani huku wakulima walikaa kwenye shamba la tajiri anaeishi mjini, wanalima, mavuno wanagawana nusu kwa nusu, mfumo wao wakiuita mezadria, na nyumba ni ya tajiri, ng'ombe nusu, divai nusu, hata kuku wa sikukuu tajiri ana fungu lake. Sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya namna hio mwaka 1964, lakini hata kabla ya hapo vijana walikua washaanza kukimbilia viwandani na kwenye miji ya pwani ya Adriatic, ndio maana ukapata nyumba nyingi kiasi kile zimeachwa wazi vilimani. Watu wa Milan, Wajerumani, Waingereza na Waholanzi wakaja kuzinunua baadae. Jirani akanionyesha: hapa chini kwenye sebule yenu ndipo walipolala ng'ombe, sisi juu, joto la ng'ombe lilikua linapanda kupitia mbao, baridi ikizidi mama anatuhamishia kitanda juu ya ng'ombe mkubwa kabisa. Alisema hivi huku akitazama meza ya vioo ya mzee wangu, na mimi sikujua nicheke au ninyamaze.

Sasa ukuta. Nilipouona mara ya kwanza unatoka chumvi nilijua mara moja, hata sikuhitaji kufikiri, ni kama mtoto wa mvuvi kunusa samaki alolala. Ukuta wa mawe wa zamani hauna kitu chini cha kuzuia maji, maji ya ardhi yanapanda ndani yake kama mafuta kwenye utambi. Ukiwa umepigwa chokaa maji yanafika njiani yanatokea, yanakauka na hewa, ukuta unapumua basi. Ukiupiga simenti umeufunga mdomo, maji hayana pa kutokea yanazidi kupanda, na chumvi inajikusanya nyuma ya plasta mpaka inaisukuma. Fundi alopiga ule ukuta alipiga simenti, tena nene. Mwaka 2006 nikamwambia mzee. Nikamwambia kwa adabu, nikasema kwetu tunafanya hivi na hivi. Akacheka, sio kwa ubaya, akanigusa bega akasema lakini Lamu hakuna baridi. Basi nikanyamaza. Nimenyamaza miaka 16, nakwangua, napaka. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayoeleza, manake nilikua najua.

Lakini nisiiseme vibaya kazi yote ya mzee, kuna sehemu ilifanywa kwa akili sana na nilikuja kuiona faida yake 2016. Tarehe 24 mwezi wa nane usiku ardhi ilitikisika Amatrice, mbali kidogo na sisi lakini tulitoka nje na mashuka. Halafu ikaja 26 mwezi wa kumi jioni, mara mbili. Halafu Jumapili tarehe 30, saa moja na dakika arobaini asubuhi, ile kubwa ya 6.5 iloangusha kanisa la San Benedetto kule Norcia likabaki uso tu wa mbele. Usiku ule saa zilikua zimerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, mimi nilikua nimeamka kimakosa mapema, nachemsha chai. Kelele yake sijui niwaambieje. Sio ngurumo, ni kama lori la kokoto linamwaga chini ya sakafu. Tulikimbia. Nyumba ilipiga kelele, vigae vikadondoka, bomba la moshi likapinda, lakini kuta zilisimama. Mhandisi wa mzee alikua amepitisha vyuma virefu kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, vimefungwa nje kwa mabamba ya chuma, yale unayaona kwenye nyumba za zamani kama misalaba, na paa aliliacha la mbao, jepesi. Kuna nyumba kilima cha pili ilikarabatiwa na watu wengine, wao walitoa paa la mbao wakaweka la zege zito juu ya kuta zile zile za mawe na udongo, na ile zege ilibaki nzima kabisa, kuta ndio zilifunguka chini yake. Tangu siku hio nikiingia nyumba ya watu natazama vyuma kwanza, halafu ndio nasema buon giorno.

Mzee akawa mkubwa, watoto wake hawana habari na shamba, mke wake hakutaka kulala tena pale baada ya tetemeko. Mwezi wa tatu 2021 akaniambia anauza. Alisema kwa simu. Nikasema sawa mzee. Mke wangu alikaa jikoni dakika nyingi bila kuwasha taa.

Ajenti alipokuja alipima kila kitu, akapiga picha na ndege ile ndogo ya kurusha, akaweka bei euro 590,000, mita za mraba 320 za nyumba na hekta tatu za mizeituni na malisho. Akanipa masharti. Mteja akija fungua madirisha saa moja kabla. Washa moto hata kama sio baridi. Chemsha kahawa harufu itoke. Ukuta upakwe. Na habari za kisima usiseme mpaka uulizwe. Kisima chetu kwa kweli ni kizuri mpaka katikati ya mwezi wa saba, baada ya hapo kinashuka, na 2022 ule mwaka wa ukame mkubwa mpaka mto Po ukabaki mchanga, sisi tulileta maji kwa lori mara nne.

Walikuja watu kama 30 hivi katika miezi 18. Nikajifunza kuwasoma. Wamarekani wanaangalia nje, hawaangalii ndani, wanasimama kwenye ngazi wanatazama machweo wanashikana mikono. Wajerumani wanauliza karatasi ya nishati, ile inayopanga nyumba kwa herufi kuanzia A mpaka G, na wakisikia yetu ni F wanaandika kwenye daftari bila kusema kitu. Walikua na haki, manake kuipasha moto nyumba ya mawe mita 320 ni kilio, tuna tangi la gesi bustanini na jiko la kuni sebuleni na bado mwezi wa kwanza tulikua tunaishi vyumba viwili, vingine tumefunga milango tumeweka mablanketi chini. Waitaliano wenyewe, wa Roma na Bologna, wanagonga sakafu kwa kisigino, wanauliza choo kinaenda wapi, barabara ni ya nani. Hilo swali la barabara ni zuri sana na wageni hawalijui. Kile kilomita moja na nusu cha changarawe kutoka lami mpaka kwetu sio cha serikali, kinatengenezwa na wanaokitumia kwa kuchanga, na mvua kubwa moja ya mwezi wa tisa inakichimba mitaro ya kuzama gurudumu. Kwenye picha ya ile ndege kinaonekana kama utepe.

Hakuna hata mmoja aliyeweka kiganja ukutani.

Mwezi wa tano 2022 tukapata mteja wa kweli, mume na mke wa Kijerumani, wakakubaliana 560,000. Ndipo akaja jeometra. Huyu ni mtaalamu wa kati ya mpima ardhi na mchora ramani, na bila yeye huku hununui hata banda. Akakaa siku mbili na mita yake na ramani ya katasto, yaani rejista ya ardhi na majengo, na kila akigeuka anatikisa kichwa. Bafu la juu kwenye ramani lilikua stoo. Dirisha moja halipo kwenye ramani. Banda la kuni na kibaraza cha nguzo nne ambacho sote tulikula chini yake kila jioni ya kiangazi, havipo kabisa, mzee alivijenga 2009 bila kuomba mtu. Tangu 2010 sheria inataka muuzaji atamke kwenye hati kwamba nyumba ilivyo na ramani ilivyo ni kitu kimoja, na nyumba ikipishana na ramani huendi popote. Mzee alikasirika, akasema kila mtu huku alifanya hivyo, na ni kweli, lakini notayo, yule mwanasheria anaeandika hati ya mauzo, hasikilizi kila mtu alifanya nini. Kurekebisha kulichukua miezi mitano na faini na michoro mipya. Wajerumani wakachoka wakanunua Umbria, jimbo la jirani.

Hapa niweke neno kwa binamu yangu wa Mombasa, ambae kila wiki ananitumia zile video za nyumba za euro moja kule Sicily, eti nimchukulie tatu. Ndugu yangu, zile zipo kweli, vijiji kama Mussomeli na Sambuca vilifanya hivyo, lakini unanunua gofu la kijijini lililobanana na magofu mengine, unafunga ahadi ya kulikarabati ndani ya muda fulani, mara nyingi miaka mitatu, na unaweka dhamana, nyingi nilizosikia ni kama euro 5,000. Hio euro moja ni bei ya kuingia mlangoni. Mzee wangu gofu lake alilinunua rahisi, alivyomaliza alikua ameweka mara tano ya bei, na bado fundi akampiga simenti.

Yule mama wa Kiholanzi alikuja mara ya kwanza mwezi wa sita 2022, katikati ya ile habari ya Wajerumani, akaambiwa imeshachukuliwa, akaangalia tu akaondoka. Mjane, mwalimu mstaafu, Kiitaliano chake cha polepole lakini sahihi kuliko changu. Mwezi wa kumi na moja akapiga simu kwa ajenti akasema anataka kuja Alhamisi. Ajenti akamwambia Alhamisi utabiri ni mvua, njoo Jumapili kutakua na jua. Akasema ndio maana nataka Alhamisi.

Akaja na mabuti ya mpira na kaka yake. Ajenti alichelewa kwa ajili ya ile barabara, alikwama. Kwa hio tulikua wanne tu, wao wawili na mimi na mke wangu. Mvua ilikua inapiga haswa, mifereji inamwaga, na mimi nilikua sijaupaka ukuta manake nilidhani hakuna wa kuja tena mpaka masika. Yeye hakuangalia ukuta kwanza. Alizunguka nje akatazama maji yanaelekea wapi yakitoka kwenye paa, akatazama kama yanarudi kwenye nyumba. Halafu akaingia, akavua mabuti, akakaa kwenye kiti cha jikoni kama mtu wa nyumbani, akaniuliza:

"Wewe na mkeo, wakati wa baridi, ni chumba kipi hamkai?"

Watu 30, na hakuna aliyeniuliza hivyo. Waliuliza kama kuna unyevu, na mtu akiulizwa kama kuna unyevu atajibu kidogo tu signora, ni kawaida kwa nyumba za mawe, ndivyo ajenti alivyonifundisha na nimeshalisema hilo jibu mpaka nikaliamini. Lakini hili swali halina mlango wa kutokea. Nikamwangalia mke wangu. Mke wangu akainuka akachukua funguo akasema njoo mama, akampeleka sebuleni. Chumvi ilikua imefika kiunoni. Yule mama akaigusa, akaionja. Wallahi aliionja kwa ncha ya ulimi, akatema kwenye leso. Akasema hapa palikua na wanyama.

Nikamweleza yote basi. Ng'ombe sita, miaka mia sijui mangapi ya mkojo wa ng'ombe ulionyweshwa kwenye yale mawe, na ndio chumvi ile, sio ya bahari, ni ya mavi na mikojo, na maji ya ardhi yanaibeba, na simenti inaizuia. Nikamwambia kisima kinakauka mwezi wa saba. Nikamwambia vyuma vilivyoshika 2016, manake haikua haki kusema mabaya tu. Aliandika. Ajenti alipofika amelowa mpaka magotini alitukuta tunakunywa chai ya tangawizi, akaona uso wangu, akajua.

Jioni mzee akanipigia. "Ulimuonyesha ukuta?" Nikasema aliniuliza mzee. Akanyamaza sana mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Uliniambia 2006. Nakumbuka. Ulikua umeshika ndoo." Na mimi hata hio ndoo sikuikumbuka.

Mama akatoa ofa ya 455,000, na orodha ya yale aliyoyaandika. Mzee alikubali siku ya pili, watoto wake ndio walipiga kelele. Mwezi wa kwanza 2023 wakasaini kompromeso, mkataba wa awali, mama akaweka kapara, arbuni, na hapo mjue arbuni yao ina meno: mnunuzi akirudi nyuma anaipoteza, muuzaji akirudi nyuma analipa mara mbili yake. Nikadhani imeisha. Haikuisha, manake kulikua na jirani.

Sheria ya huku inampa mkulima halisi anaepakana na wewe haki ya kununua shamba kwanza, kwa bei ile ile alokubali mgeni. Unatakiwa umpelekee barua ya rejista yenye mkataba, na ana siku 30 za kujibu. Usipomtaarifu anaweza kuja ndani ya mwaka mzima baada ya hati kuandikishwa akalichukua kutoka kwa alienunua, kwa bei iliyoandikwa. Nasikia kuna watu walitokwa na jasho kwa hilo. Ajenti alikua na hakika jirani atasaini kuachia, kama wafanyavyo wengi, kwa chupa ya divai. Jirani hakusaini. Siku ya 26 akajibu kwamba anataka.

Yule ajenti alikua karibu alie. Mimi nilikwenda kwa jirani jioni, kwa miguu, sikutumwa na mtu. Akanimiminia divai, mimi sinywi, akanipa juisi ya zabibu kama kila siku. Akasema hataki nyumba. Akasema, "Nyumba ile mimi niifanyie nini? Naikumbuka ikinuka. Nataka ile mizeituni ya chini, baba yangu aliipanda mwaka nilozaliwa na kila mwaka aliacha nusu ya mafuta mlangoni kwa tajiri." Basi jeometra akarudi na mita yake, wakagawa ardhi kwenye ramani, jirani akachukua hekta mbili na nusu, mama akabaki na nyumba na nusu hekta kuzunguka. Na kumbe mama alifurahi kuliko wote, manake shamba kwa asiekua mkulima linatozwa kodi ya asilimia 15, na nyumba kwa alieahidi kuhamia ndani ya miezi 18 ni asilimia 2 tu ya thamani ya katasto, na tena nani ataokota mizeituni hekta tatu na magoti ya miaka 68.

Hati ilisomwa kwa notayo mwezi wa tano. Notayo anasoma kwa sauti, mbio kama anaekimbizwa, kurasa zote. Mzee alikuja na fimbo. Akanipa funguo nimpe mama, hakumpa mwenyewe.

Na kazi ya kwanza mama aliyonipa ilikua ule ukuta. Nilianza na nyundo na patasi Jumatatu asubuhi, nikatoa ile simenti vipande vipande, mengine yalikua yanaanguka yenyewe ukiyagusa, nyuma yake chumvi nene kama kidole. Siku ya tatu nikafika kwenye jiwe, na kwenye jiwe kulikua na pete ya chuma, imekula kutu, imezama, ya kufungia ng'ombe. Halafu nyingine. Zilikua sita. Nikamwita jirani, akaja na mabuti yake ya matope, akasimama mbele ya ya tatu kutoka mlangoni akataja jina la ng'ombe.

Usiku nikampigia baba Lamu kwa video, nikamzungusha simu ukuta mzima polepole. Macho yake siku hizi ni mabovu, akaniambia nisogeze, nisogeze tena. Nikamuuliza nianze kupiga chokaa lini.

"Usipige kitu," akasema. "Fagia ile chumvi kila ikitoka, usiloweshe. Wacha kaskazi mbili zipite."

Nikamwambia baba, huku hakuna kaskazi.

"Basi hesabu ya huku," akasema.